Kabla Hujaskimu Hedi, Soma Historia ya Barabara Hii

Ukitaja Fort Ternan mbele ya mtu aliyesoma, atakutajia mifupa. Mwaka wa 1961 Louis Leakey alipata hapa, kwenye shamba la Fred Wicker, vipande vya taya la kiumbe wa kale aliyepewa jina Kenyapithecus wickeri, mwenye umri wa karibu miaka milioni 14. Ni heshima kubwa na sina neno. Lakini mimi ni kijana wa huku, na sisi tukikaa jioni hatuongei mifupa. Tunaongea injini.

Na mazungumzo ni yale yale kila siku. Mmoja ana Probox ya kubeba abiria, mwingine ana Corolla ya mzee wake, mwingine ana ndoto tu. Swali ni moja: nifanye nini gari ipande kwenda Kipkelion na Londiani bila kulia? Jibu hutoka haraka kuliko swali: skimu hedi upandishe kompresheni, halafu tafuta kamshafti ya risi. Kwisha maneno.

Wacha niseme msimamo wangu mapema ndiyo usinisome ukingoja. Ushauri huo ni nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inaua injini za watu. Kompresheni na kamshafti ni mke na mume. Huwezi kumhamisha mmoja bila kumuuliza mwenzake. Na wote wawili wanaishi kwenye nyumba ambayo hawakuijenga wao: hewa ya mahali na petroli iliyopo. Hili si wazo langu la jana. Barabara za nchi hii zimekuwa zikilifundisha kwa miaka 70 sasa, na mmoja wa wanafunzi wake bora alizaliwa Kericho.

Tuanze na hesabu

Nilisomea uhandisi wa mitambo nikaacha mwaka wa pili karo ilipokata, kwa hivyo sikuuzii cheti ambacho sina. Nakupa hesabu, ipige mwenyewe.

Chukua injini ya cc 1600 yenye silinda 4. Kila silinda ni cc 400. Pistoni ikifika juu kabisa, tuseme inabaki nafasi ya cc 50 pale ambapo cheche inawashia mafuta. Jumlisha 400 na 50, gawanya kwa 50, unapata 9. Hiyo ndiyo kompresheni: hewa ya sehemu 9 imebanwa ikawa sehemu 1. Sasa fundi akikwangua hedi mpaka ile nafasi ya juu ibaki cc 44 na kitu, kompresheni inakuwa 10. Yaani cc 5 na nusu tu, kijiko kimoja cha chai, ndiyo tofauti yote.

Faida yake ni nini? Ile fomula tuliyofundishwa chuoni, ya mzunguko wa Otto, inasema kutoka 9 hadi 10 injini inapata kama asilimia 3 zaidi kutoka kwa mafuta yale yale. Soma tena: asilimia 3. Injini ya farasi 100 inaongeza farasi 3. Si uongo kwamba kompresheni inaongeza nguvu. Uongo ni kwamba inafanya muujiza.

Sasa kamshafti. Ni ule mti wa chuma wenye matuta unaofungua na kufunga valvu. Watu wengi wanaamini valvu ya kuingiza hewa inafungwa pistoni ikifika chini. Hapana. Inabaki wazi hata pistoni ikiwa imeanza kurudi juu, kwa sababu injini ikizunguka kwa kasi hewa inakuwa na mwendo wake na inaendelea kuingia tu. Kamshafti ya kawaida inaweza kufunga valvu hiyo nyuzi 50 baada ya pistoni kuanza kupanda. Ya risi inaweza kusubiri mpaka nyuzi 70 au zaidi.

Hapa ndipo ndoa inaonekana. Valvu ikiwa bado wazi, hakuna kinachobanwa. Kubana kunaanza ikifungwa. Kwenye injini yetu ya mfano, yenye 9, kamshafti ya nyuzi 50 inafunga pistoni ikiwa bado na asilimia 87 hivi ya safari yake, na kompresheni ya kweli inakuwa karibu 7.9. Weka ile ya nyuzi 70 bila kugusa hedi: pistoni inabaki na asilimia 74, na kompresheni ya kweli inaanguka hadi karibu 6.9. Umenunua chuma cha risi, umepata injini iliyolegea kama ya babu. Ikisimama inatetemeka, ukikanyaga chini hakuna kitu, inaamka tu ikiwa inapiga kelele.

Ili kurudisha ile 7.9 ukiwa na kamshafti hiyo kali, inabidi hedi ikupe kama 10.4. Sasa geuza upande wa pili: weka 10.5 na uache kamshafti ile pole ya nyuzi 50. Kompresheni ya kweli inaruka hadi karibu 9.2, na kwa petroli ya kawaida injini ya zamani itaanza kugonga, ile sauti ya kama changarawe kwenye kopo. Kugonga ni mafuta kujilipukia yenyewe mahali ambapo hayakutumwa. Kukiendelea, pistoni inatoboka.

Ndiyo maana namba moja peke yake haina maana. Mtu akikuambia "mimi nina 11", muulize kamshafti yake inafunga saa ngapi. Akikosa jibu, umejua.

Petroli nayo ina historia

Mbona basi tangu mwanzo wasingejenga injini za 10 na 11? Walizuiwa na mafuta. Ford Model T, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1908, ilikuwa na kompresheni ya karibu 4.5, na baadaye ikashushwa mpaka chini kidogo ya 4. Mwingereza Harry Ricardo ni kati ya watu walioonyesha kwamba kinachoweka mpaka si chuma, ni petroli yenyewe kugonga. Halafu Desemba 1921, huko Marekani, Thomas Midgley na wenzake wa General Motors wakagundua kwamba ukitia kidogo tu ya mchanganyiko wa madini ya risasi ndani ya petroli, kugonga kunapungua sana. Mwaka wa 1923 ikaanza kuuzwa.

Kuanzia hapo kompresheni zikapanda kila muongo, na kamshafti zikafuata. Bei yake ililipwa na damu ya watu, maana risasi ni sumu, na inayoumia zaidi ni akili ya mtoto. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka wa 2001 kuiondoa, na mwanzoni mwa 2006 zilikuwa zimeiacha. Shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lile la Gigiri hapa Nairobi, ndilo lililobeba kampeni hiyo duniani. Nchi ya mwisho, Algeria, iliacha mwaka wa 2021.

Kwa nini nakuambia haya? Kwa sababu wazee wetu wengi walijifunza ufundi wakati wa petroli ya risasi. Mzee akikuambia "sisi tulikuwa tunakwangua hedi hivi na haikugonga", hakudanganyi. Lakini petroli aliyotumia si hii yako, na risasi ile ilikuwa pia inalinda viti vya valvu kwenye hedi za zamani. Heshimu ujuzi wake, halafu uliza ni wa mwaka gani.

Hewa ya huku juu

Sasa turudi mlimani. Ukitaka kuelewa eneo hili, fuata reli. Reli ya Uganda ilifika Kisumu Desemba 1901, na ili ishuke huko ilibidi kwanza ipande mpaka Mau Summit, zaidi ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari. Fort Ternan iko katikati ya mteremko huo, kwenye mita 1,500 na kitu. Chini yetu ni miwa ya Muhoroni na Chemelil, kisha Kisumu kwenye mita 1,131. Juu yetu kahawa, halafu chai ya Kericho, kwenye mita 2,000 hivi.

Na kadiri unavyopanda, hewa inapungua. Ukichukua ya Mombasa kama 100, hapa Fort Ternan tunapata kama 83, mjini Kericho kama 78, na Mau Summit kama 74. Injini isiyo na tabo inavuta hewa iliyopo, haina njia nyingine. Kwa hivyo ile injini ya farasi 100 pale Likoni inafika Kericho ikiwa na farasi 80 hivi, na hakuna mtu aliyeigusa.

Linganisha sasa. Mlima umekula farasi 20. Wewe unaskimu hedi kupata 3. Si vibaya kuzitaka hizo 3, lakini jua ukubwa wa deni kabla hujashangilia malipo.

Kuna habari njema kidogo. Kwa sababu hewa inayoingia ni nyepesi, shinikizo ndani ya silinda nalo linapungua, na kugonga kunachelewa. Injini ambayo ingegonga Mombasa inaweza kutulia kabisa Kericho. Mtu anayeishi na kuendesha huku juu tu ana nafasi ya kuongeza kompresheni kidogo bila kuungua.

Na kuna mtego. Ile kamshafti kali, injini ikizunguka polepole, inarudisha nje sehemu ya hewa iliyokwisha kuingia. Pwani unaweza kuvumilia hasara hiyo. Huku, hewa tayari ni chache, halafu wewe unaifungulia mlango itoke. Kwenye matope ya shamba la chai, gia ya pili, tairi zinatafuta pa kushika, huhitaji injini inayoamka ikizunguka mara 5,000 kwa dakika. Unahitaji inayovuta sasa hivi.

Safari ilivyowafundisha

Hayo yote yalijaribiwa hadharani. Mashindano ya Safari yalianza mwaka wa 1953 kwa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Fikiria maana yake kwa injini: gari moja, seti moja ya pistoni, kamshafti moja, lakini joto la mabonde, baridi ya Mau, vumbi, matope na petroli ya kila aina ya kituo. Huwezi kusema nimeitengeneza kwa mlima tu. Itashuka. Huwezi kusema nimeitengeneza kwa pwani tu. Itapanda.

Nani alishinda miaka ile ya mwanzo? Volkswagen, ile ya mgongo wa kobe. Ilishinda 1954, 1957 na 1962. Injini yake ya miaka ya mwanzo ya 1950 ilikuwa na kompresheni isiyofika hata 7 na nguvu ambayo leo kijana wa pikipiki angeicheka. Kamshafti pole, kompresheni ndogo, zinaelewana. Ilikunywa petroli yoyote, ikavuta polepole, ikafika. Wengi waliokuwa na nguvu zaidi hawakufika.

Mwaka wa 1963 magari 84 yalianza Safari. Yaliyomaliza ni 7. Namba hiyo iweke kichwani kila mara mtu akikuambia kuhusu nguvu. Kwenye barabara zetu, nguvu isiyofika ni hadithi tu.

Halafu aje mtoto wa Kericho. Joginder Singh alizaliwa mjini humo mwaka wa 1932. Alikuwa fundi kabla hajawa dereva, na mwaka wa 1958 alifanya kazi ya doria ya chama cha wenye magari, kuzunguka akisaidia waliokwama. Mimi nafikiri hiyo ndiyo iliyokuwa chuo chake kikuu. Mtu anayeamka kila siku kufungua boneti za magari yaliyokufa barabarani anajua vitu ambavyo katalogi haisemi: anajua kinachovunjika.

Mwaka wa 1965 alishinda Safari akiwa na kaka yake mdogo Jaswant, ndani ya Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika. Volvo wenyewe walikuwa wamekuja na magari yao mwaka uliotangulia, wakashindwa, na moja ya magari hayo ndilo alilolichukua Joginder. Injini yake ilikuwa ya cc 1800 hivi, silinda 4, kamshafti ndani ya bloku inayosukuma valvu kwa fito. Hakuna maajabu. Aliwaacha wa pili kwa zaidi ya saa moja na nusu.

Mwaka wa 1974 alirudi na Mitsubishi Lancer 1600 GSR, gari ndogo ya cc 1597 yenye kamshafti moja juu ya hedi, akamshinda Björn Waldegård aliyekuwa kwenye Porsche 911. Ulikuwa mwaka wa mvua na matope. Mwaka wa 1976 akashinda tena kwa Lancer, na nafasi za pili na tatu zikawa za Lancer pia. Lakini namba yake ninayoipenda si ya ushindi. Alianza Safari mara 22 na kumaliza mara 19. Katika mashindano ambayo mwaka mwingine watu 7 tu wanafika, yeye alifika mara 19.

Sisemi Lancer ile ilikuwa ya kawaida kama ya dukani. Ilitengenezwa, na vizuri. Ninachosema ni kwamba ilitengenezwa ikiwa kitu kimoja. Hakuna aliyechukua kamshafti kwa sababu inasikika vizuri. Aliyetaka sauti alikwama mahali fulani, akisubiri mtu wa doria.

Baadaye ikaja njia tofauti kabisa ya kulipa lile deni la mlima: tabo. Toyota Celica yenye tabo ilishinda Safari ya 1984, 1985 na 1986. Tabo inasukuma hewa kwa nguvu, kwa hivyo unaweza kufika Mau ukiwa na hewa kama ya pwani. Lakini hata hapo ndoa haikuvunjika: ukisukuma hewa nyingi, unalazimika kushusha kompresheni ya hedi na kuchagua kamshafti isiyoacha valvu zote mbili wazi kwa muda mrefu, la sivyo hewa uliyoilipia inapita moja kwa moja hadi kwenye sailensa. Mlango mwingine, nyumba ile ile.

Mwalimu unayempanda kila siku

Sasa angalia Probox, ile tunayobebwa humo watu tisa kama magunia. Nyingi zina injini ya Toyota inayoitwa 1NZ-FE, ya cc 1500, na kompresheni yake kutoka kiwandani ni 10.5. Ndiyo, ile 10.5 ambayo kijana anaitafuta kwa msasa tayari iko pale. Inawezekanaje bila kugonga? Kwa sababu ina mtambo wa VVT-i unaosogeza kamshafti ya kuingiza hewa mbele na nyuma wakati gari inatembea, na kompyuta inayochunga cheche. Toyota waliwapa mke na mume simu waongee.

Na kama bado huamini, injini hiyo hiyo ina ndugu yake, 1NZ-FXE, aliyewekwa kwenye Prius. Huyo ana kompresheni ya 13. Kumi na tatu, kwa petroli ya kawaida! Siri ni kamshafti inayochelewa sana kufunga valvu ya kuingiza, mpaka hewa nyingine inarudishwa nje, na kubana kwa kweli kunabaki kwa kiasi. Namba kwenye karatasi inatisha, namba ndani ya silinda ni ya kawaida. Nguvu yake peke yake si kubwa, ndiyo maana ina mota ya umeme kando. Lengo lao lilikuwa kuokoa mafuta, na wakachagua vyuma viwili kwa lengo hilo.

Kwa hivyo ukichukua Probox ukaiskimu hedi kuifanya iwe 11 na zaidi, unasahihisha mtihani ambao tayari ulipata alama nzuri.

Pesa ya nani?

Nisingeandika haya yote kama ni mchezo wa wenye pesa. Binamu yangu ana gari ya zamani ya cc 1500, ya kabureta. Mwaka juzi mama yake alipopata bonasi ya majani, alimpa sehemu aitengeneze aanze kubeba mizigo. Gereji moja mjini ikamwambia hedi iskimiwe sana, kamshafti ibaki ile ile, "utaona moto". Wakaijaribu asubuhi na mapema juu huko kwenye baridi, ikapaa. Kila mtu alifurahi, pesa ikalipwa.

Wiki ya pili alibeba viazi kuelekea Kisumu. Ilianza kugonga alipopita Muhoroni, na kwenye joto la Ahero, mzigo umejaa, pistoni ya tatu ikatoboka. Waliijaribu mahali ambapo hewa inasamehe, wakampeleka mahali ambapo haisamehi. Hesabu ile niliyokupa juu ingeonyesha kabla hata ya kufungua hedi. Ile bonasi ni miezi ya mama kuamka saa kumi na moja asubuhi na kikapu mgongoni. Ndiyo maana sicheki mtu akisema "si ni kuskimu tu".

Kama bado unataka, na nakuelewa kama unataka, basi fuata mpangilio ambao historia hii yote inaonyesha.

Anza na kazi ya gari, si na chuma. Itabeba nini, itazunguka kasi gani mara nyingi, itashuka mpaka wapi? Ukishuka Kisumu hata mara moja kwa mwezi, petroli na joto la Kisumu ndivyo vinavyoamua kompresheni yako, si baridi ya Londiani.

Chagua kamshafti kwanza, kwa kasi unayoitumia kweli. Kwa milima na mizigo, ile inayozidi ya kiwandani kidogo tu, au ile ile ya kiwandani ikiwa haijalika. Halafu pandisha kompresheni kuifuata, kwa kiasi kinachorudisha kile ilichopoteza, usizidi. Hedi isiguswe kabla namba ya kamshafti haijajulikana.

Ukishakwangua hedi, kumbuka imeshuka. Valvu ziko karibu zaidi na pistoni, na kamshafti kali inazifungua zaidi na kwa muda zaidi. Mafundi wazuri huweka udongo laini wa kuchezea watoto juu ya pistoni, wanafunga hedi, wanazungusha injini kwa mkono, kisha wanafungua na kupima unene uliobaki. Kwa injini yenye kamshafti juu, kuishusha hedi kunalegeza cheni au mkanda na kuchelewesha taiming kidogo, kwa hivyo irekebishwe. Springi za valvu nazo zikague. Fundi asiyetaka kufanya haya, hata awe na sifa gani, chukua hedi yako nenda nayo nyumbani.

Na kabla ya yote, fanya zile kazi zisizo na sifa. Kabureta iliyopangwa kwa pwani inatoa petroli nyingi kupita kiasi huku juu: badilisha jeti. Sogeza cheche mbele kidogo kama injini inakubali. Pima kompresheni ya silinda zote 4, maana huenda huna haja ya kamshafti, una ringi zilizokwisha. Safisha njia ya hewa. Farasi wengi mnaowatafuta kwenye risi wamelala pale pale, wamefunikwa na uchafu.

Najua video ya mtu anayebadilisha plagi haiendi mbali kama ya gari inayotema moto kwenye sailensa. Mimi mwenyewe natengeneza video, najua kinachobonyezwa. Lakini Kericho ilitoa fundi aliyemaliza mara 19, na vijana wengi ninaokutana nao hawajui hata jina lake, wanajua tu jina la kamshafti waliyoiona kwenye simu. Tungemjua yeye vizuri zaidi, labda mama wachache wangepoteza bonasi.

Ukiwa unapanga kufungua injini mwezi huu, niandikie kwanza vitu vitatu: kamshafti inafunga nyuzi ngapi, nafasi ya juu ya pistoni ni cc ngapi, na gari inashuka mpaka wapi. Tupige hesabu pamoja, halafu ndiyo ushike spana.